Aliyepokelewa Mara Hamsini

Asubuhi ile habari zilipokuja kutoka Makao Makuu kwamba Kanali Luhende atavishwa Nishani ya Ukarimu, Bi Sikudhani alikuwa kwenye mstari akingoja kupokelewa kwa mara ya hamsini. Hakuwa amekwenda popote kati ya mapokezi ya kwanza na haya ya hamsini. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kituo: kila zikitimia siku tisini, watu wote mia nane hutolewa vibandani, hupangwa mstari mmoja mbele ya meza, na Koplo Tindwa huwaandika upya kuwa wamefika leo. Mapengo ya wanaokufa huzibwa na wanaozaliwa, idadi haipungui, na Makao Makuu husomewa kwamba Kanali amepokea wengine mia nane. Ndivyo Kanali Luhende, katika miaka kumi na miwili na ushee, alivyopokea watu elfu arobaini. Huko walistaajabu ni moyo gani huo unaobeba watu elfu arobaini. Hakuna aliyeuliza walilala wapi.

Koplo aliuliza jina bila kuinua macho. Bi Sikudhani akalitaja. Mara ya kwanza kabisa fomu zilikuwa na nafasi, akaandikwa Sikudhani binti Kitondo, mke wa Ngwale. Kisha zikaja fomu zenye visanduku saba, akawa Sikudha. Safari hii visanduku vilikuwa vinne, na Koplo, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa visanduku tu, akamwandika Siku. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa mosi mwezi wa kwanza, kama ya kila mtu pale, kana kwamba mama mmoja aliwazaa wote mia nane kwa uchungu mmoja. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa maelezo mengine. Hapo Bi Sikudhani husema maneno yale yale kila mara, kwamba yeye hakuja. Na Koplo huandika yale yale kila mara: amechanganyikiwa kwa urefu wa safari.

Na kweli hakuja. Kilima kile kilikuwa chake na mumewe, shamba la ulezi upande mmoja, nyumba upande mwingine. Ngwale alikufa kiangazi, akazikwa kileleni, mahali alipopenda kuketi jioni akitazama wapita njia. Siku moja baada ya arobaini yake, Bi Sikudhani alikuwa uani anapepeta ulezi alipoona askari wanachimbia nguzo. Akatoka na ungo wake kwenda kuwauliza wanafanya nini. Mmoja akamuuliza jina, akamwambia, akidhani wanaandika watu wa chanjo. Wakamwambia asubiri kidogo. Akasubiri. Ilipofika adhuhuri seng'enge ilikuwa imezunguka, yeye yumo ndani, kaburi liko upande wa maofisa, nyumba yake imekuwa ghala, na kwenye daftari ameandikwa namba moja, mkimbizi wa kwanza kuwasili. Wale waliokimbia vita kweli, vita ambavyo jina lake lilikuwa likibadilika kila msimu, walianza kuingia siku ya tatu. Walimkuta pale. Walimdhani mwenzao, wakampa pole ya safari.

Alikuwa na muda mwingi wa kufikiri, na hakuna kitu kinachomharibu mtu kama muda usiokatwa na kazi. Alifikiri juu ya kufika. Mtu huwa amefika lini? Mguu ukigusa ardhi? Mwenyeji akisema karibu? Au pale mwenye kalamu anapopenda? Kama ni kalamu, basi kabla ya kalamu hakuna aliyewahi kuwa mahali popote; babu zake walizaliwa hewani na kufia hewani, na ulezi walioula uliota mawinguni. Na kama mtu anaweza kufika mara hamsini bila kuondoka hata mara moja, je, yule wa mara ya arobaini na tisa amekwenda wapi? Amelala chini ya nani? Wakati mwingine alipoamka aliwahisi wote kibandani, wanawake arobaini na tisa wamekaa kimya kumzunguka, kila mmoja na jina fupi kuliko la jirani yake.

Nimefika. Sijambo, nimefika. Nimefika tena. Mikono mitupu, andika. Sina ndugu, andika. Nyumba yangu ile pale yenye magunia, usiandike. Nimefika.

Kibanda chake kilikuwa safu ya kwanza, na hiyo ndiyo neema pekee aliyobakiwa nayo, maana kutoka mlangoni aliliona kaburi la Ngwale kwa hatua thelathini, ng'ambo ya seng'enge. Aliliona, lakini aliliona na mtu juu yake. Askari walipolikuta lile tuta walifurahi; walidhani ardhi imewaandalia jukwaa. Wakalizungushia mawe, wakayapaka chokaa, wakasimika mlingoti wa bendera ubavuni. Tangu hapo, kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, Kanali Luhende alipanda juu ya kifua cha Ngwale akapokea saluti.

Alikuwa mtu mfupi mwenye viatu virefu. Alipenda neno ukarimu kama mlevi anavyopenda jina la mwanamke aliyemkimbia. Alilitia kwenye kila sentensi, alilipaka ukutani, alilichonga kwenye mbao juu ya lango lililofungwa kwa kufuli mbili. Hakuwa mnafiki, na hilo ndilo lililomkera Bi Sikudhani. Mnafiki angalau anajua ukweli ulipo, maana anajua anauficha wapi. Huyu hakuwa na kitu cha kuficha. Alitembea kati ya vibanda akiwapigapiga wazee begani, akiwauliza kama wamezoea, na jibu hakulingoja, kwa kuwa halikuwa sehemu ya swali.

Siku mbili kabla ya sherehe alimwita ofisini. Alimwagizia chai, akamweleza kwamba Mheshimiwa atakuja mwenyewe kutoka Makao Makuu, na kwamba ratiba imeweka nafasi ya mkimbizi mmoja kutoa shukrani kwa niaba ya elfu arobaini. Nani anafaa kuliko namba moja? Hotuba ilikuwa imeshaandikwa, kurasa mbili, na akamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba hapo atafuta machozi.

Bi Sikudhani hakuigusa chai. Alisema atasema wanachotaka, ila naye ana ombi lake.

"Sogeza jukwaa hatua tatu."

"Kwa nini?"

"Pana mtu hapo."

"Mtu gani?"

"Mume wangu."

Kanali alitazama dirishani kuelekea kwenye tuta, akalitazama kwa muda, na Bi Sikudhani akaona usoni pake kitu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akageuka. Alikuwa ameupata.

"Ameandikishwa?"

"Hapana."

"Basi hayupo hapa kituoni, mama."

Alilisema kwa upole mno. Akaendelea kwa upole ule ule kumwambia kwamba mambo yote huzungumzika, ashukuru kwanza, mengine baadaye. Kama moyo wake mzito, si neno. Atachaguliwa mwingine, naye atahamishiwa safu ya mwisho kule bondeni kwenye kinamasi, akapumzike. Kutoka safu ya mwisho hakuna kinachoonekana isipokuwa matete. Alijua anachokisema. Kwa hiyo alikuwa amemwona, asubuhi zote zile, amesimama mlangoni akitazama. Ameona, na akaweka akiba.

Jioni ile jirani yake, Mzee Balinago, alikuja kumshauri. Huyu alikuwa amekimbia kweli, kwa miguu, wiki tano, amevaa koti la sufu ambalo hakulivua hata kwenye jua la utosi kwa sababu ndilo pekee lililokumbuka njia ya kurudi. Alimwambia aseme tu. Ulimi hauna mfupa. Asante ni upepo, utatoka na kupita, na mlango wake utabaki pale pale ukitazamana na kaburi. Watu wa kibanda cha pili nao walikuja wakasema vivyo hivyo, na wa tatu. Walikuwa wamekwisha fanyishwa mazoezi ya kupiga makofi siku nzima na viganja viliwauma. Bi Sikudhani aliwasikiliza akawadharau kidogo, kisha akajidharau zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuikariri hotuba. Ilikuwa nyepesi kukaririka. Maneno ya uongo hayana kona, hayamkwazi mtu.

Sherehe ilifanyika saa nne asubuhi. Mheshimiwa alishuka kwenye gari akiwa na kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Bendi ilipiga. Mia nane wakapiga makofi ya elfu arobaini, kama walivyofundishwa, kila mmoja kwa zamu hamsini. Kanali alipanda juu ya tuta, Mheshimiwa akapanda naye, wakabanana pale juu kama kuku kwenye kitundu, na nishani ikabandikwa. Ilikuwa duara la shaba lenye mkono uliofunguka. Msomaji wa ratiba akatangaza kwamba sasa namba moja atatoa neno.

Akapita kwenye kijilango cha seng'enge. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alizitembea zile hatua thelathini. Karatasi alikuwa nayo mkononi na maneno alikuwa nayo kichwani, na hadi hatua ya ishirini na tisa alikusudia kabisa kuyasema. Lakini alipofika miguuni pa tuta, miguu yake yenyewe ilivua ndala. Hakuiamuru. Ilivua kama miguu ya mtu yeyote inavyovua anapofika kwa watu wake. Na akiwa miguu mitupu juu ya udongo ule wa vuguvugu, hotuba yote ikamtoka kichwani kama maji kwenye pakacha.

Aliketi chini. Alikunja miguu upande mmoja, akavuta kanga kichwani, kama anavyoketi mjane.

"Wageni," alisema, "kabla sijashukuru, niwajulishe kwa mwenyeji wenu. Mnayemkanyaga anaitwa Ngwale. Alikuwa mtu wa maneno machache. Leo ni miaka kumi na miwili anawavumilia."

Bendi ilinyamaza kipande kipande, ngoma mwishowe. Mheshimiwa aliutazama udongo chini ya viatu vyake, kisha akashuka upesi, akijifanya ameitwa na mtu. Kanali hakushuka. Mpiga picha alikuwa bado hajapiga, na Kanali Luhende alisimama pale, kidevu juu, tabasamu limekauka kama uji uliosahauliwa, akisubiri mwanga. Alisema tu, kwa sauti ya kuwatoa watu wasiwasi, kwamba mama amechoka.

Kisha nyuma ya seng'enge Mzee Balinago akaketi chini. Na aliye karibu naye. Hakuna aliyepanga. Watu waliokimbia huku wakiwaacha maiti wao barabarani bila matanga, waliokuwa hawajapata msiba hata mmoja wa kuukalia sawasawa, walishuka ardhini safu kwa safu, mia nane, wakavuta nguo vichwani, na pale palipokuwa uwanja wa gwaride pakawa matanga. Waliomboleza kwa sauti ndogo. Mheshimiwa aliondoka bila kula.

Mtu angedhani hayo yangemwangusha Kanali. Haikuwa hivyo. Cheo ni tumbo lisilovimbiwa. Gazeti liliandika kwamba wakimbizi, kwa kuzidiwa na shukrani, waliketi chini mbele ya mlezi wao, wengine wakilia. Picha ilitoka: Kanali juu, mwanamke miguuni pake. Baada ya wiki mbili alipandishwa cheo, akahamishiwa Makao Makuu kufundisha wengine namna ya kupokea. Jambo la mwisho alilofanya kabla ya kuondoka lilikuwa kumwagiza Koplo Tindwa amwandikishe Ngwale. Koplo alijaza fomu. Jina, Ngwa. Tarehe ya kuzaliwa, mosi mwezi wa kwanza. Amefika leo. Ana nini mkononi, hana. Akamkabidhi Bi Sikudhani kadi ya mumewe, kisha akamhamishia safu ya mwisho, kwenye matete.

Kule bondeni aliumwa. Alilala siku nyingi akisikia vyura, na alimfikiria Kanali, si kwa chuki, maana chuki humheshimu mtu, bali kama mtu anavyofikiria nzi aliyeingia chakulani na kutoka na kuruka zake. Ni nini basi kinachowatawala watu? Aliwahi kudhani ni nguvu. Lakini nguvu ya nini, kwa kijitu kile kinachoogopa kukosa picha? Hakupata jibu. Jibu lilikuja lenyewe, na lilikuwa dogo na la aibu.

Aliyekuja kushika nafasi ya Kanali alikuwa Meja Kisesa, mtu mnene, msomi, mwenye miwani. Siku yake ya kwanza alipoambiwa apande jukwaani kupokea saluti, akaona askari wote wameinamisha macho. Akauliza kulikoni. Koplo Tindwa akamwambia kwamba pale kuna mtu, na kwamba mtu huyo sasa ameandikishwa. Meja hakupanda. Alitoa amri bendera ihamishwe, akasema ni kwa sababu ya upepo. Kesho yake akaamuru na seng'enge isogezwe, tuta liwe upande wa wakimbizi, hatua kumi zaidi kwa usalama. Na askari wale wale waliozoea kumsukuma mjamzito kwa kitako cha bunduki walichimbua nguzo wakipita kwa ncha za vidole, wakiomba radhi chini kwa chini.

Mzee Balinago alimfuata Bi Sikudhani bondeni, akamshika mkono, akampandisha hadi kileleni. Bi Sikudhani alipopaona mahali peupe, mawe ya chokaa yametupwa, hakulia. Alisafisha magugu. Kisha akaketi, akawatazama askari wanaogeuza nyuso pembeni, na akalielewa lile jibu.

"Sisi mia nane tulio hai hawakutuogopa," alimwambia Balinago. "Wamemwogopa mmoja aliyekufa."

 Balinago alikaa akiyatafuna maneno hayo hadi jua likawaka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alivua koti. Chini yake alikuwa mwembamba kama ufito. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akatembea nalo hadi kwenye seng'enge, akachimba kwa sufuria na kwa kucha, akalizika, akajenga tuta lenye urefu wa mtu. Akaketi kando yake akivuta kitambaa kichwani, na hakuwa anaigiza. Alimlilia yule mtu aliyelivaa siku ile alipofunga mlango wake kule kwao.

Asubuhi seng'enge ilikuwa imesogea hatua kumi.

Wengine wakaona. Kila mtu pale alikuwa na maiti yake ambayo hakuipatia kaburi. Mwanamke mmoja alizika ufunguo wa nyumba iliyochomwa. Mwingine alizika cheti cha ualimu. Wengi walizika majina: waliyaandika yote kwa ukamilifu, na ya baba na ya babu, wakayaviringisha kwenye kitambaa, wakayafukia kandokando ya seng'enge pasipo kubakiza herufi nje. Bi Sikudhani aliwazika wanawake wake arobaini na tisa, kadi moja moja ya kila mapokezi, akiwataja. Na kila palipotokea tuta, askari walifika alfajiri wakakuta watu wameketi matanga ya kweli, machozi ya kweli, nao wakachimbua nguzo wakarudi nyuma hatua kumi. Meja aliandika kwenye taarifa kwamba ni kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo.

Hivyo matuta yakashuka kilima upande huu, yakapanda upande ule. Seng'enge ikapita shamba la ulezi. Ikapita kisima, ikapita barabara. Ikazunguka kambi ya maofisa kwa nje, ikajikunja, ikaanza kuja ndani, hatua kumi, hatua kumi. Siku zile mtu akisimama kando yake hakuweza tena kusema ndani ni wapi na nje ni wapi. Ilitegemea umeipa mgongo upande gani. Ghala likafikiwa. Watu wakatoa magunia, wakafagia, na Bi Sikudhani akaingia nyumbani kwake akakuta panya wengi na alama ya moshi ya jiko lake bado ukutani. Hakufurahi kama alivyodhani atafurahi. Mwili ulikuwa umechoka, na nyumba ilikuwa ndogo kuliko alivyoibeba moyoni. Lakini alilala ndani yake. Msimu huo akapanda ulezi.

Mwishowe seng'enge ikabaki duara dogo kuizunguka ofisi, lenye kijilango kimoja. Ndani walikuwamo Meja Kisesa, Koplo Tindwa na askari kumi na wawili, na chakula chao kilikuwa kimekwisha juzi. Fomu zilikuwamo nyingi sana.

Mavuno yalikuwa yameingia. Bi Sikudhani alikuwa uani, anapepeta, Mzee Balinago ameketi ukutani akiotea jua mgongo wake mtupu, Meja alipofungua kijilango akatoka. Alikuja polepole kati ya matuta, akiangalia asikanyage, ameshika kofia kifuani. Alipofika ukingoni mwa ua akasimama. Alisubiri kwanza aone kama ataonekana mwenyewe. Hakuonekana.

"Hodi," alisema.

Mzee Balinago alimtazama Bi Sikudhani, aone atasemaje. Bi Sikudhani alikuwa amesikia. Ua haukuwa mkubwa. Alirusha ulezi juu, upepo ukachukua makapi, punje zikarudi kwenye ungo. Akarusha tena.